Bima ya Kompyuta ya Chiriku

Kambi ya barabara
9 Januari

Mdogo wangu mpendwa,

Dereva wa lori la saruji ananipigia honi nje kama mtu aliyefumaniwa, kwa hiyo pokea salamu bila mapambo. Mimi mzima. Mtandao huku mpaka upande kile kilima cha mawe, na kwa magoti haya nikipanda leo nitashuka keshokutwa. Tuandikiane tu. Karatasi haiishiwi chaji.

Lile jambo la Chiriku nimelimaliza. Shule imeshikilia kwamba kila mtoto wa darasa lao awe na kompyuta yake, la sivyo ahamishwe darasa la wale wanaokaa nyuma. Nimemwendea mkuu wa kambi, nikapiga magoti nusu, akakubali. Shule itampa mtoto kompyuta sasa, nami nitakatwa mshahara kila mwezi mpaka amalize masomo. Ni mzigo, lakini nimeshajitwisha.

Pesa zilizo ndani ya bahasha hii ni za bima. Nakujua. Utasema bima ni kumlipa mtu akuombee mabaya. Lakini mimi huku nimeona. Tingatinga la kampuni liliungua likabaki mifupa, tajiri akaendelea kunywa chai, kwa sababu bima ililipa. Kibarua mmoja akaibiwa baiskeli, akalia kama amefiwa. Nikajifunza kwamba mali isiyo na bima ni ya mwizi, wewe unamtunzia tu. Kwa hiyo usinunue kitambaa cha kushonea kwanza ukasema utafidia baadaye. Bima kwanza.

Mwambie na kaka yake kwamba sasa yeye ndiye mwanamume wa nyumba hiyo. Yeye mtu mzima, ana kazi yake ya kuziba matairi, nina imani naye. Amlinde mdogo wake na hicho kitu chake.

Honi tena! Huyu dereva ana roho ndogo.

Dada yako,
mpishi


Nyumbani
2 Februari

Shikamoo Mama,

IMEFIKA! Ni ya kijivu, nyepesi, ukiifungua inalia kidogo kama inakusalimia. Mama Mdogo ameishonea mfuko kwa masalio ya kitambaa cha suti ya mtu, kwa hiyo kompyuta yangu imevaa kuliko mimi. Bima tumelipa. Alikuja dada mmoja wa bima, akaandika namba iliyo chini ya mashine, akatusomea masharti mengi, Mama Mdogo akasinzia. Mimi sikusinzia. Wanalipa ikiibwa kwa kuvunja mlango, wanalipa ikiungua. Ukiisahau mahali hawalipi. Mambo mengine yalikuwa ya maandishi madogo.

Darasani sasa nakaa mbele. Mwalimu wa hesabu alisema kazi yangu ni safi. Neno "safi" hajawahi kumpa mtu bure.

Jioni nikimaliza kusoma namwonyesha Babu mlinzi ramani. Unamkumbuka, mzee wa getini mwenye kifua kibovu? Mtoto wake wa kike ameolewa mbali, basi anataka kuona mji anakokaa. Nikamwonyesha kutoka juu. Akauliza, "Nyumba yake ni ipi hapo?" Nikamwambia haionekani vizuri, Babu. Akasema, "Basi tuseme ni ile yenye paa jekundu." Sasa kila jioni anakuja mlangoni petu kuangalia paa jekundu. Mama Mdogo anasema tutamtoza kiingilio.

Kaka mzima. Siku hizi anashinda nyumbani mchana. Ameniambia nisikuambie, basi sijakuambia.

Usibebe masufuria makubwa peke yako.

Mwanao,
Chiriku


Nyumbani
3 Aprili

Dada, shikamoo.

Kaa chini kabla hujasoma. Hakuna aliyekufa, lakini kaa.

Tumeibiwa. Jumamosi asubuhi nilipeleka sare za watu, mtoto alikuwa bombani anafua, mwanao katoka kutafuta kazi, maana pale kwenye matairi walimwachisha tangu mwaka jana na nilikuwa nangoja akuambie mwenyewe. Niliporudi, kufuli linaning'inia, pete imepinda. Cherehani iko, redio iko. Kompyuta haipo. Hata waya wake wa chaji, ambao Chiriku anauficha chini ya godoro, umekwenda.

Sikulia. Nilisema, dada yangu aliona mbali, bima ipo. Nikaenda polisi kwa sababu bila karatasi yao bima haisogei. Askari akaja, akaangalia kufuli, akaangalia godoro, akasema, "Mama, huyu si mpita njia. Huyu anaijua nyumba." Mwanao ndiye aliyekumbuka. Akasema, "Mlinzi huja mpaka mlangoni hapa kila jioni. Anaonyeshwa hiyo kompyuta, anajua inapowekwa."

Dada, mimi sikutaka kuamini. Yule mzee hata ukiacha ndala zako getini anazipangusa vumbi. Lakini nikajiuliza, nani mwingine? Wakamchukua palepale. Alikuwa anakohoa, akaomba avae koti, wakamwambia jua linawaka. Chiriku alikimbia nyuma ya gari mpaka barabarani. Tangu siku hiyo hali chakula vizuri, na neno analitoa kwa shida. Nadhani ni uchungu wa kompyuta.

Lakini bima wanasema madai yetu yako sawa. Mlango umevunjwa, polisi wanaye mtu. Dada wa bima atakuja kumalizia, kisha mtoto atapata nyingine. Kwa hiyo usiugue kwa mawazo. Mwanao amesimama nasi imara, kila siku yeye ndiye anayekwenda kituoni kuulizia kesi.

Mdogo wako,
fundi cherehani


Nyumbani
19 Aprili

Dada,

Nimeandika barua hii mara mbili nikachana. Acha niseme ilivyokuwa.

Dada wa bima alikuja juzi, na yule askari. Tulikaa chumbani, mwanao kasimama mlangoni. Yule wa bima alikuwa ameshatoa kalamu. Akamwuliza Chiriku swali la kawaida tu, "Binti, mara ya mwisho uliiona wapi?"

Chiriku akasema, "Haikuibwa."

Nikadhani nimesikia vibaya. Askari akasema, "Rudia." Akasema, "Haikuibwa. Niliisahau kwenye benchi la kituo cha basi, niliporudi sikuikuta. Nikaogopa Mama. Kufuli nililivunja mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa jiwe."

"Ulivunja kwa sababu gani, nakuuliza, siyo kwa kitu gani!"

"Ili ionekane mwizi. Basi mwachieni Babu."

Dada wa bima alimtazama sana. Akamwambia polepole, kama mtu anayemwachia mwenziwe mlango wazi apite, "Una hakika? Ukishasema hivyo mbele yangu, mimi siwezi tena kulipa chochote." Chiriku akasema ana hakika. "Na chaja? Nayo uliisahau kwenye benchi?" Akasema ndiyo, vyote vilikuwa kwenye mfuko. Yule dada akafunga kalamu yake. Mwanao akageuka akatoka nje kama aliyeitwa. Nadhani aibu ilimzidi.

Nilimpiga, dada. Sijawahi kumpiga, nilimpiga kofi moja mkono ukafa ganzi. Hakulia. Alichouliza ni kama Babu atatoka leo au kesho.

Walimtoa jioni ile. Askari walimfokea mtoto mpaka nikajuta kuzaliwa. Bima imekufa. Wewe utaendelea kukatwa mshahara kwa kitu kisichokuwepo, na shule wamesema makubaliano ni makubaliano.

Sijui tulimkosea wapi.

Mdogo wako


Kambi ya barabara
27 Aprili

Wewe mtoto,

Nimesoma barua ya mama yako mdogo nikiwa nimesimama jikoni, maharage yakaungua, vibarua wote wakala maharage ya kuungua kwa sababu yako.

Kupoteza kitu si dhambi. Ungeniambia umepoteza ningelia, yakaisha. Lakini umevunja kufuli la nyumba yenu, umemwacha mzee wa watu akae mahabusu na kifua chake, ukamtazama mama yako mdogo anapanda na kushuka ngazi za polisi, na mdomo wako, ule usiofunga kwa jambo la upuuzi, ukaufunga. Mtoto wa namna hiyo mimi sikumzaa.

Unajua ninaamka kabla ya majogoo. Unajua moshi wa kuni ulivyonifanya macho. Kila mwezi nitakaa mezani kwa karani, anikate, nikumbuke uongo wako.

Ukitaka kompyuta nyingine, itafute kwa mikono yako uone inavyopatikana. Na umtazame kaka yako. Amefukuzwa kazi akaumia kimya kimya asinisumbue. Mwige yeye.

Mama yako


Nyumbani
10 Mei

Shikamoo Mama,

Barua yako nimeipata. Nimeielewa.

Binti yako


Nyumbani
21 Juni

Dada, shikamoo.

Umeniuliza mara mbili kwa nini Chiriku hakuandikii, nami nilikuwa nazungusha maneno. Sasa nakwambia. Ameacha shule.

Hatukumfukuza, wala shule haikumfukuza. Alikuwa akiazima kompyuta za wenzake wakati wa mapumziko, kazi zake zikichelewa, wakamhamisha kwenye lile darasa la nyuma. Kisha siku moja akakunja sare yake vizuri, akaiweka juu ya cherehani yangu, akasema, "Mama amesema niitafute kwa mikono yangu." Nilimwambia yale yalikuwa maneno ya hasira, mama hasira zake ni za sufuria, zinachemka zinashuka. Akasema, "Yameandikwa."

Yuko kwa dobi wa hoteli, anapiga pasi mashuka. Anaondoka alfajiri na kurudi amelowa mvuke kama amenyeshewa. Mkono wa kushoto umeungua, ameufunga kitambaa, hataki niuone. Dada, alikuwa anazungumza mpaka tunamwomba apumue. Sasa tunakula chakula cha jioni tunasikia vijiko tu.

Na yule mzee hayuko getini. Mwenye nyumba amemwondoa. Alisema mlinzi aliyelazwa ndani na polisi hata wezi watamcheka. Nilimweleza kwamba mtoto alikiri, mzee hana kosa. Akajibu, "Mtoto alikiri kwa sababu alimwonea huruma. Watu wote hapa wanajua." Ndivyo wanavyosema bombani. Amehamia chumba cha nyuma ya soko, na nasikia hata wale waliokuwa wakimsalimia wanakaza macho mbele.

Mwanao amepanda lori jana, anakuja huko kwako kutafuta kibarua. Mpokee. Amekonda.

Mdogo wako


Kambi ya barabara
30 Julai

Chiriku mwanangu,

Sijui nianze vipi, kwa hiyo nitaanza na siku yenyewe.

Kaka yako alifika, nikafurahi mno. Nilimtafutia kazi hapahapa jikoni, kuchota maji na kupasua kuni. Nikawaonyesha wenzangu, huyu ndiye mwanangu, huyu hajanipa taabu hata siku moja. Jumapili tulikaa tukimenya viazi, nikamsomea barua ya mama yako mdogo, pale anaposema umeungua mkono. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Acha akione cha moto, atajifunza."

Akaweka kisu chini. Akasema, "Mama, usimlaani."

Nikamwuliza, kwani wewe una nini? Akasema, "Niliichukua mimi."

Nilicheka. Nilidhani anataka kukufichia. Kisha nikamwona uso wake. Akaniambia yote, kamari za mpira, watu waliokuwa wanamdai, jinsi alivyovunja kufuli kwa nyundo ya kuzibia matairi, duka moja nyuma ya soko alikoiuza siku hiyohiyo. Akaniambia kwamba ulimkuta anatoka. Akaniambia na jambo la mzee, kwamba yeye ndiye aliyelitaja jina lake kwa askari. Hakuinua kichwa mpaka viazi vikabadilika rangi kwenye beseni.

Nilikwenda kwa karani, yeye anajua mambo ya bima za mitambo. Nikamwuliza kama kwa kubahatisha, kitu kikiibwa na mtoto wa nyumba, wanalipa? Akacheka. "Bima hailipi mtu wa ndani, mama. Ingelipa, kila familia ingekuwa tajiri." Kwa hiyo hata ukweli hautatuletea kitu.

Nisamehe. Nilikuandikia maneno ambayo mtu hamwandikii mbwa wa jirani. Rudi shule. Nitapika na usiku, nitafua nguo za wahandisi, kompyuta nyingine itapatikana.

Ila nakuomba jambo moja, mwanangu, wewe ambaye umekuwa mkubwa kuliko sisi. Jambo hili libaki kati yetu watatu. Kaka yako bado ana maisha mbele yake, na polisi hawasahau. Analia kila siku. Amejirudi. Nami nimezaa watoto wawili tu.

Mama yako anayekupenda


Nyumbani
16 Agosti

Shikamoo Mama,

Nashukuru umejua. Nilikuwa nimechoka.

Umeomba nikusamehe. Mimi sina kinyongo na zile kelele, ulikuwa hujui. Lakini nataka nikueleze nilivyofikiria siku ile, kwa sababu kila mtu ananiuliza nilikuwa na akili gani na sijamjibu yeyote.

Nilimkuta Kaka kwenye kona ya ua, mfuko uko chini ya koti. Nikamshika mkono. Akasema, "Nitairudisha Jumatatu, nakuapia. Ukisema watanifunga, na Mama atakufa kwa presha." Nikamwachia. Siku hiyohiyo wakamchukua Babu, Kaka akiwa amesimama palepale. Jumatatu ikapita. Nikangoja aseme. Kila alipotoka kwenda kituoni kuulizia kesi nilidhani leo atasema. Siku ile dada wa bima alipotoa kalamu, nikamtazama Kaka mlangoni, akaangalia viatu vyake.

Basi nikapiga hesabu. Babu akibaki ndani, kifua kile kitamuua. Kaka akitajwa, atafungwa, nawe utaumia. Mimi nikisema ni mimi, Mama atanigombeza, atapiga kelele wiki mbili, kisha atauliza kama nimekula. Niliona katika sisi wote mimi ndiye niliye rahisi. Nilijua utanisamehe mimi upesi. Hapo ndipo nilipokosea hesabu, na mwalimu alikuwa amesema kazi yangu ni safi.

Shule sijui. Mkono unapona. Dobi ananilipa vizuri na hapigi kelele.

Lakini hilo uliloomba, libaki kati yetu watatu, sitaweza. Hatuko watatu. Nilikwenda kumwona Babu chumbani kwake. Hana kiti, tulikaa kitandani. Hakuniuliza kitu. Aliniambia bintiye amepata habari kule aliko kwamba baba yake ni mwizi, na tangu hapo hajapiga simu. Nilipotoka, mama mmoja jirani akaniambia, "Wewe mtoto una moyo mzuri, unamtembelea hata aliyekuibia." Nikamwambia hakuniibia. Akanishika bega akasema, "Najua, najua." Mama, mimi nimeshasema uongo mara moja, sasa nikisema kweli hakuna anayenisikia. Wewe watakusikia. Wewe ni mama yake Kaka.

Ukija, usianzie kwangu. Anzia kwa Babu.

Chiriku


Kambi ya barabara
25 Agosti

Mwanangu,

Barua yako niliisoma mara moja, nikampa kaka yako aisome mwenyewe. Akaisoma yote. Nikamwambia, Jumamosi kuna lori linashuka, tutashuka wote wawili, utasimama mbele ya yule mzee na mimi nitasimama pembeni yako. Polisi wakija, wakukute na mama yako. Akasema, "Sawa, Mama." Akanisaidia hata kuosha masufuria, akayapanga makubwa chini madogo juu kama ninavyopenda.

Leo asubuhi kuni hazikupasuliwa. Nikaenda hema la vibarua. Blanketi limekunjwa, begi halipo. Mwenzake anasema alidandia gari la kokoto linalokwenda upande wa pili, mbali zaidi na nyumbani. Hakuacha neno.

Nimekaa kwenye gogo lake la kupasulia mpaka uji ukachelewa, na leo hakuna kibarua aliyenilalamikia.

Jumamosi nashuka peke yangu. Mama yako mdogo atanionyesha kile chumba nyuma ya soko. Nitamwomba mzee twende naye bombani asubuhi, watu wakiwa wengi, nitaje mwizi ni nani na nimemzaa nani. Kisha tutakwenda kwa mwenye nyumba, kisha polisi. Namba ya simu ya bintiye nitaiomba, nimpigie mimi. Hayo nimeyaamua, ingawa naogopa, kwa sababu nikishalitaja jina lake pale, hata akitaka kurudi hatakuwa na pa kurudi.

Baada ya hapo nitakuwa kwa mama yako mdogo. Sitakuja kwa dobi kukushtukiza mbele ya watu. Ukitaka kuniona, uje. Usipotaka, nitaelewa, na nitapanda lori Jumatatu.

Mama